Mbuzi wangapi watatosha kulipia matibabu?

MAMA mmoja wa makamo alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya mgunga, mwendo mfupi kutoka mjini Masalani, akitikisa maziwa kwenye kibuyu. Mbele yake alichutama kijana mmoja, mhamasishaji wa afya ya jamii, simu mkononi. Kijana huyo hakuja kuposa wala kuomba kura. Alikuja kumwandikisha mama kwenye bima mpya ya afya.

"Habaryar, ukuta wa nyumba yako ni wa nini?" aliuliza kwa adabu, akimwita mama mdogo kama ilivyo desturi ya Wasomali kwa mwanamke wa rika hilo.

Mama aligeuka akaitazama aqal yake, ile nyumba ya fito na mikeka inayofunguliwa na kupakiwa juu ya mnyama familia inapohama. "Andika ni wa upepo," alijibu, nasi sote tukacheka.

"Choo chenu ni cha aina gani?"

Mama alielekeza kidevu vichakani. Tukacheka tena.

"Na mifugo je? Ng'ombe ni wangapi, mbuzi wangapi?"

Hapo kicheko kilikatika. Mama aliweka kibuyu chini, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema polepole: "Mwanangu, hesabu hiyo muulize Mungu."

Msomaji wa mjini huenda akadhani mama huyo ni mkaidi au anaficha mali. Lakini hebu jiulize: je, wewe ungekubali mtu aje mlangoni kwako, mbele ya majirani, akutake utaje kwa sauti fedha ulizo nazo benki? Kwa mfugaji, kuhesabu mifugo hadharani ni kualika kijicho, na pengine hata wezi. Hata baba mwenye nyumba hawataji kwa idadi. Huwajua kwa rangi, kwa pembe na kwa majina ya mama zao.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tangu bima hii ianze, mjadala wa jinsi ya kumpatia mwananchi matibabu kwa bei anayoimudu umekuwa mkali kweli kweli. Watu wanabishana magazetini, bungeni, mahakamani na hata kwenye matanga. Wako wanaosema serikali igharamie kila kitu kutokana na kodi. Wako wanaosema kila mtu achangie kiasi fulani. Wengine wanasema mgonjwa alipe akiugua, basi. Katika kelele zote hizo sijasikia sana sauti ya mtu wa Masalani. Kwa hivyo nilifunga safari nikamfuata kijana yule kwa siku nzima, boma hadi boma, na leo nakusimulia niliyoyaona.

Ndani ya ile aqal alikuwamo mkaza mwana wa mama yule, msichana mwenye haya, mimba ya miezi saba. Uzazi wake wa kwanza ulimalizikia kwenye kisu huko Garissa mjini, baada ya kushikwa na uchungu siku mbili na kusafirishwa usiku kucha. Ilikuwa enzi za mpango wa Linda Mama, ambapo mjamzito alijifungua bure. Nilipomuuliza mama mkwe safari ile iliwagharimu kiasi gani, alinipa jibu ambalo sijalisahau.

"Hospitali haikudai hata ndururu. Gari lilidai mtamba."

Naam, mtamba. Ng'ombe jike ambaye hajazaa hata mara moja, ambaye angewapa maziwa na ndama kwa miaka mingi, aliuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye gari hakutaka kungoja hadi asubuhi. Kwenye vitabu vya serikali matibabu yale yameandikwa kwamba yalikuwa ya bure.

Sasa tukumbushane tulikotoka, maana katika nchi hii tumeyajaribu karibu yote. Mwaka wa 1965 serikali ya Uhuru iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka uliofuata ikaundwa Hazina ya Bima ya Hospitali, ile NHIF, lakini hiyo ilikuwa hasa ya watu wenye mshahara. Mchunga ng'ombe hana karatasi ya mshahara, kwa hivyo hakuhusika. Ikaja Desemba 1989 na mpango wa kugawana gharama. Tukaambiwa serikali haina fedha tena za kumtibu kila mtu na kwamba ni lazima mgonjwa naye atie mkono mfukoni.

Matokeo yalionekana mara moja. Katika zahanati kubwa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walikuta kwamba miezi ile ada ilipotozwa, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Magonjwa hayakupungua. Watu ndio waliobaki nyumbani nayo, wakawapelekea wenzao. Ada hiyo ilisimamishwa mwaka wa 1990, kisha ikarudishwa kwa awamu miaka iliyofuata.

Mimi mwenyewe nakumbuka mwaka wa 2004, nikiwa shule ya msingi, ilipotangazwa kwamba zahanati ni shilingi 10 na kituo cha afya ni shilingi 20. Mama yangu alikuwa na noti na sarafu alizofunga kwenye pindo la leso, akizitenga kwa ajili hiyo tu, na sisi watoto tulijua kwamba fundo lile haliguswi hata kwa sukari. Mwaka wa 2013, Juni mosi, hata shilingi hizo zikaondolewa na kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma. Ndipo ukaja Linda Mama, chini ya NHIF.

Kisha Oktoba 2023 zikatiwa saini sheria mpya za afya, na tangu Oktoba mosi 2024 NHIF haipo tena. Mahali pake pana Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi tunaiita SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo kwa maswali kama yale ya ukuta na choo, kisha huambiwa kiwango chake. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi kwa familia, nacho hulipwa kwa mwaka mzima mara moja, yaani shilingi 3,600. Zahanati na kituo cha afya huhudumia bila malipo kutokana na hazina ya kodi. Lakini kujifungua na kulazwa hospitalini kunataka mchango uwe umelipwa.

Hapo ndipo mkaza mwana yule anaponaswa. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa hafai kuzalia kwenye aqal, hata mkunga wa jadi akiwa hodari namna gani. Anahitaji mahali penye chumba cha upasuaji na damu. Na mahali hapo panahitaji bima iliyolipwa.

Najua msomaji wa Nairobi au Mombasa atauliza, shilingi 3,600 ni nini? Si mbuzi mmoja tu? Kweli, katika msimu mzuri ni mbuzi mmoja, na chenji inaweza kubaki. Lakini mbuzi si noti ya benki. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosekana kwa misimu mitano mfululizo, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Wakati ule mbuzi aliyekonda hakupata mnunuzi hata kwa bei ya magunia mawili ya makaa. Na ni wakati huo huo ambapo watoto walikuwa wakiugua kwa utapiamlo na kuhara.

Mvua ikizidi nayo ni balaa jingine. Wazee wa Ijara hawajasahau mwisho wa 2006, mafuriko yalipoleta mbu na mbu wakaleta homa ya Bonde la Ufa. Wilaya ya Ijara ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Nchini kote watu zaidi ya 150 walikufa katika miezi michache. Ugonjwa huo huwaua mifugo na watu pamoja, kwa hivyo serikali ilifunga masoko na kuzuia mifugo kusafirishwa. Ilikuwa hatua ya busara, sikatai. Lakini fikiria hali ya mfugaji. Siku ambayo mwanawe anatokwa na damu puani ndiyo siku ambayo haruhusiwi kuuza hata kondoo mmoja. Ugonjwa na ufukara humwingilia kwa mlango mmoja.

Ndiyo maana nasema bima inayotaka fedha za mwaka mzima kwa mkupuo, tarehe yoyote ile, imeandikwa na mtu aliyezoea mwisho wa mwezi. Mfugaji hana mwisho wa mwezi. Ana mwisho wa mvua. Mvua ndefu zikipiga vizuri, kufikia Juni wanyama wamenona, maziwa yamejaa na wafanyabiashara wa mifugo wanafika wenyewe. Mtu akipita wakati huo kukusanya mchango wa bima, hatafukuzwa. Akipita Septemba, nyasi zikiwa vumbi, atapewa chai, na chai yenyewe itakuwa ya rangi.

Mwaka wa 2025 ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka kisha akalipa kidogo kidogo. Ni wazo zuri. Hata hivyo mzee mmoja aliyetukaribisha chai mjini Masalani aliuliza swali moja tu: "Mkopo huo una riba?" Kijana wetu hakuwa na jibu. Katika sehemu hii ya nchi swali hilo si la pembeni. Mtu atakubali kufa na deni la jirani kuliko kupona kwa fedha za riba. Linastahili kujibiwa waziwazi, kwa Kisomali, na mtu ambaye msikiti unamwamini.

Tena si kwamba Wasomali hawajui bima. Wanayo tangu zamani, ila haina ofisi. Inaitwa qaaraan. Mtu akipatwa na janga, awe ameugua, ameunguliwa na nyumba au ametakiwa kulipa fidia, jamaa zake hukutana na kila mmoja hutoa kwa kadiri yake. Mwenye ng'ombe wengi hatoi sawa na mwenye mbuzi watatu, na hakuna anayeleta fomu. Wanajuana. Siku hizi hata simu hutumika, na mchango hutoka Eastleigh, Dubai na Minneapolis ukafika Masalani kabla jua halijatua.

Je, kwa nini basi tusitumie kipimo hicho? Rwanda walipoanza bima yao ya jamii, ile ya mutuelle, hawakuachia simu peke yake kazi ya kumpima mtu. Kuanzia 2011 walitumia makundi ya Ubudehe, ambapo wanakijiji wenyewe walikaa wakasema nani ni maskini hohehahe, nani anajikimu na nani ni tajiri, na serikali ikawalipia wale wa chini kabisa. Palikuwa na malalamiko, bila shaka. Jirani naye anaweza kuwa na fitina. Tanzania nao, katika wilaya ya Igunga ambako watu hufuga na kulima, walianza Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka wa 1996: kila kaya ilitoa mchango wa mwaka, na kilichotolewa kiliongezewa kiasi kama hicho kutoka serikalini. Mtindo huo uliitwa tele kwa tele. Wengi walijiunga, wengi pia walitoka, hasa pale walipofika na kadi yao wakakuta hakuna dawa.

Hapa kwetu serikali imesema itawalipia wasiojiweza. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini asiyejiweza atajulikanaje? Tulipokuwa tukirudi mjini jioni, nilimuuliza kijana yule aliandika nini mahali pa mifugo, maana nilimwona akibonyeza kitu. Alicheka.

"Niliandika kumi. Hapa kila mtu ana kumi."

Sikumlaumu. Yeye ni mtoto wa hapo, na kesho atahitaji kurudi kwenye boma lile lile kupima joto la mtoto. Lakini kwa hesabu hiyo ya kumi, tajiri mwenye ng'ombe mia mbili porini na mjane mwenye mbuzi wanne wamekuwa sawa. Mwalimu wa Masalani, ambaye mshahara wake unaonekana hadi senti ya mwisho, ndiye atakayebeba mzigo wa wote wawili.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana huko mijini. Kujiandikisha kunataka kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa Kaskazini Mashariki aliyeomba kitambulisho alipelekwa kwanza mbele ya kamati ya wazee na maafisa akahojiwa kama kweli ni Mkenya, wakati mwenzake wa Nyeri alikuwa akipigwa picha na kwenda zake. Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa mahojiano hayo. Lakini wapo watu wazima, wake kwa waume, waliokata tamaa zamani na hawana kadi hadi leo. Katika maboma sita tuliyotembelea siku ile, mawili tuliyaacha bila kuandikisha mtu kwa sababu hiyo. Wagonjwa walikuwamo.

Nirudi kwenye ule mtamba. Kwa maoni yangu, na wataalamu wa uchumi watanisamehe, ubishi wa kodi au bima au ada unakosa jambo la kwanza. Masalani ni makao ya serikali kwa Ijara yote, na hospitali iko. Lakini kuna watu wa Sangailu, wa Hulugho kule karibu na mpaka wa Somalia, wa Bodhei kwenye msitu wa Boni. Kwao ada ya kwanza ni njia. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hukamata gari kama gundi. Ukavu ukizidi, familia imehamia mahali ambapo hata bodaboda haifiki. Ongeza usalama: baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2014 na 2015, wahudumu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliomba uhamisho kutoka Kaskazini Mashariki. Unaweza kumwandikia mtu bima ya dhahabu, lakini kama zahanati iliyo karibu naye imefungwa kwa kufuli, hiyo ni karatasi tu.

Kwa upande huu, ile sehemu ya sheria inayosema zahanati ziendeshwe kwa kodi ndiyo yenye maana zaidi kwa watu hawa, na ndiyo inayozungumziwa kidogo zaidi. Mambo mengi yanayomuua mtoto wa mfugaji, kama vile malaria, kuhara na kichomi, hayahitaji hospitali kubwa. Yanahitaji muuguzi mmoja, dawa kwenye kabati na mtu wa kumfuata mfugaji alipo. Ajabu ni kwamba tunajua kufanya hivyo tukitaka. Tangu 1996 maktaba ya taifa imekuwa ikipakia vitabu juu ya ngamia pale Garissa na kuwapelekea watoto wa wafugaji. Kama ngamia anaweza kubeba hadithi, ataweza kubeba chanjo na dawa za malaria. Na kule Ishaqbini, si mbali na Masalani, swala aina ya hirola wamejengewa uzio wao tangu 2012, wana na askari wa kuwalinda. Siwaonei wivu, ni wanyama adimu. Ila mwanamke mmoja wa Kotile aliniambia kwa utani kwamba hirola akishikwa na uchungu, redio ya upepo hulia hadi Nairobi.

Hesabu zilizofanywa kutokana na sensa ya 2009 ziliiweka Garissa miongoni mwa kaunti 15 zilizobeba karibu vifo vyote vya akina mama wajawazito nchini. Nilikuwa nikizifikiria hesabu hizo asubuhi ya kuondoka kwangu, nilipopita tena kwa yule mama kumuaga.

Nilimkuta na mpango tayari. Mkaza mwana hatangoja porini safari hii. Akiingia mwezi wa nane atahamia mjini Masalani kwa shangazi wa mumewe, alale karibu na hospitali, na mapema wataulizia kama atazalia hapo au atatakiwa kwenda Garissa. Mbuzi wawili wametengwa. Beberu mweusi ni wa bima, yule mwenye doa usoni ni wa gari. Wamepewa chumvi na wanachungwa karibu na nyumba ili wasipungue.

"Mwanangu, wewe unatoka Nairobi," aliniambia, akinishika mkono. "Bei ya mbuzi mwezi ujao itakuwa nzuri?"

Nilimwambia sijui. Alitazama mawingu upande wa Lamu, akatia maziwa kwenye kikombe, akanipa.